Uzi maalumu: Mbwa wa kuokota anayelipuka akiona bodaboda, watu au mbwa wenzake

MkiaWima:
Wakuu, huu ni uzi wa waliomchukua mbwa mtaani, au aliyeachwa na wapangaji waliohama, na sasa kila wakitoka naye getini ni vurugu. Anabweka hadi sauti inakauka, anavuta kamba mpaka anakoroma, anawarukia bodaboda. Majirani wanasema ana roho mbaya. Hana. Wengi wa mbwa hawa wanaogopa, na wamegundua kwamba ukipiga kelele ya kutosha, kile unachokiogopa kinaondoka. Bodaboda alikuwa anapita zake tu, lakini kwa hesabu ya mbwa ni yeye aliyemfukuza. Akishinda hivyo mara kumi kwa siku, tabia inakomaa.

Mtazame mbwa wa mtaani mtu anapoinama. Mtu hajaokota kitu, anafunga kamba za kiatu tu. Mbwa tayari amegeuza kiuno, mkia uko katikati ya miguu, yuko hatua sita mbali na anaangalia nyuma. Kwake, binadamu anayeinama anaokota jiwe. Sasa mbwa huyohuyo yuko kwako, na wewe unamwinamia usoni, mkono ukishuka kutoka juu, eti umvalishe kamba. Akinguruma, amesema jambo la maana.

Kwa hiyo wiki ya kwanza haihusu barabara kabisa. Simama ubavuni mwake, usimkabili uso kwa uso. Inamisha kichwa kidogo, nyooka, dondosha kipande cha nyama. Mara tano, pumzika. Kisha inamisha mabega. Kisha mkono ufike gotini, kisha chini kabisa, kisha chini na kamba mkononi. Akirudi nyuma hata hatua moja, umeruka ngazi, rudi ulipokuwa. Dakika 2 mara tatu kwa siku zinatosha. Fagio, mwamvuli na fimbo hufundishwa vivyo hivyo: kwanza kimelala chini, siku nyingine kimeshikwa, mwisho kimeinuliwa. Na kumvalisha kamba, chuchumaa ubavuni na upitishe mkono chini ya kidevu, sio juu ya kichwa.

Jambo la pili ni umbali. Kila mbwa ana umbali ambao anakiona kitu na bado anakula, bado anasikia jina lake. Ukiuvuka, kichwa kimeshafungwa, hata upige kelele namna gani. Dalili ya kwanza iko mdomoni: alikuwa anahema ulimi nje, ghafla mdomo unafunga. Halafu masikio yanaenda mbele, uzito unahamia miguu ya mbele, mkia unasimama kama kijiti. Mdomo ukifunga, ondoka naye hapo hapo. Ukisubiri mngurumo umechelewa.

DawaNaKwato:
Naomba niongeze kabla watu hawajakimbilia mafunzo: kwanza daktari wa mifugo. Mbwa mwenye maumivu hafundishiki, anavumilia tu mpaka siku anashindwa. Masikio yenye usaha, jino lililovunjika, nyonga iliyogongwa na gari zamani, vyote vinamfanya aume mkono unaomgusa. Homa za kupe ni nyingi kwetu: fizi zimepauka, hataki kula vizuri, analala muda wote kisha anakuwa mkali akishikwa. Mbwa wa mtaani pia hupata ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Unavuja damu na unauma, lakini unatibika vizuri kwa sindano za vinkristini, moja kila wiki, mara nyingi kati ya 4 na 6.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe bila kusubiri akiwa na miezi 3 au zaidi, na irudiwe kama kadi inavyosema. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu, zinachoma tumbo na kuua figo. Kuhasi ni jambo jema, kunapunguza kuzurura na kuzaliana, ila hofu haikai kwenye korodani. Usitegemee mbwa mwoga aamke jasiri baada ya upasuaji.

Kwa mbwa ambaye hatulii hata ndani ya nyumba, daktari anaweza kuanzisha dawa ya hofu kama fluoksetini. Hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi, na hufanya kazi pamoja na mafunzo, sio badala yake. Mtu akikuuzia asepromazini (dawa ya kulegeza mnyama) peke yake kwa ajili ya hofu, uliza mara mbili: inamlegeza mwili lakini ndani bado anaogopa.

Na hili ni la kuokoa maisha: mbwa aliyebadilika ghafla, sauti imekuwa nyingine, anashindwa kumeza, mate yanatiririka, anauma vitu ovyo, huyo huenda ana kichaa cha mbwa, hahitaji mafunzo. Usimguse. Funga mlango, mwite afisa mifugo.

KambaMbili:
Vifaa. Kamba ya bapa ya mita 2 hadi 3. Zile za kujikunja ndani ya mpini achana nazo, huwezi kumrudisha mbwa kwa sekunde moja na uzi wake unakata vidole. Katani inachana viganja akivuta.

Mbwa wa mtaani ni bingwa wa kujichomoa. Anarudi kinyumenyume, anainamisha kichwa, kola imetoka. Kwa hiyo avae viwili: hanesi (mikanda inayozunguka kifua na tumbo) yenye pete kifuani na pete mgongoni, pamoja na kola ambayo vidole viwili tu vinapita, na kamba fupi iunganishe kola na hanesi. Kimoja kikitoka, kingine kimemshika.

Kama hanesi ya dukani imekushinda bei, fundi mabegi anashona nzuri tu. Mpelekee mkanda wa begi wa sentimita 2.5, mwambie ashone mraba wenye alama ya X ndani yake kila unapoungana. Pete ziwe zimechomelewa, sio chuma kilichokunjwa ncha zikagusana. Hizo hufunguka siku mbwa anaporuka kwa nguvu. Mkanda wa tumboni ukae vidole vinne nyuma ya kwapa, la sivyo unamchubua. Kabla ya kumtoa nje, mjaribu ndani: vuta taratibu kuelekea mbele huku yeye akirudi nyuma. Ikitoka ndani, ingetoka barabarani.

Kwa aliyewahi kuuma au kukaribia, kikapu cha mdomo. Sio kile cha kitambaa kinachobana taya, maana kwa joto letu mbwa asiyeweza kuhema anakufa. Kikapu kinampa nafasi ya kufungua mdomo, kuhema na kunywa maji. Mfundishe kwa siku kadhaa: paka uji mzito wa karanga usio na chumvi wala sukari ndani yake, aingize mdomo mwenyewe, usifunge mkanda. Siku nyingine funga sekunde 3, kisha 10, kisha dakika. Ukimvalisha kwa nguvu siku ya kwanza, hatakaa akipende.

Cheni ya kukaba, kola ya miiba na ya umeme, hapana. Chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo mwaka 2021 kwamba mbwa wote wafundishwe kwa zawadi, hata wakali. Sababu ni rahisi kuiona. Bodaboda anatokea, na saa hiyohiyo shingo inauma. Mbwa hajifunzi kwamba kubweka ni kosa. Anajifunza kwamba bodaboda wanaleta maumivu. Ukimpiga akinguruma, unamfundisha aume bila kunguruma.

SwaliMoja:
Mkuu MkiaWima, kumpa nyama mbwa anayebweka si ndiyo kumlipa abweke? Halafu kuna mbwa wengine wakitoka nje hata kuku hawali. Hao inakuwaje?

MkiaWima:
Swali zuri, na ndipo wengi wanapoharibu. Hatumlipi kwa tendo, tunabadilisha maana ya bodaboda. Hofu haiongezeki kwa sababu mbwa amepewa nyama.

Mpangilio ndio kila kitu. Bodaboda atokee kwanza, mbwa amwone, ndipo nyama ianze kutoka, kipande baada ya kipande, mpaka bodaboda apotee. Akipotea, nyama inakoma. Ukigeuza, ukatoa nyama kabla, mbwa anasoma mkono wako: kila ukichakura mfuko wa nailoni anaanza kukagua barabara, kwa sababu umemfundisha kwamba nyama ni taarifa ya hatari. Ndiyo maana nyama ikae kwenye kibegi cha kiunoni kisichopiga kelele, na mkono ubaki nje mpaka kitu kionekane.

Kipande kiwe kama punje ya hindi. Kwa dakika 15 andaa 60 hadi 80, kisha upunguze chakula chake cha usiku kwa kiasi hicho. Mapupu ya ng'ombe ni rahisi bei: chemsha bila chumvi, kata, kausha juani au ovenini mpaka yasishike mikono. Maini yana nguvu zaidi lakini yakizidi yanaharisha, yachanganye. Firigisi, dagaa wasio na chumvi, sawa. Vitunguu vya aina yoyote usiweke kwenye mchuzi wa kuchemshia, ni sumu kwa mbwa, na zabibu pia.

Anayekataa kuku nje anakwambia yuko karibu mno. Rudi nyuma mita kumi, ishirini, mpaka ale. Ikiwa hataki kula hata uani, basi kazi yenu ni uani. Anayechukua lakini anakunyakua vidole naye yuko pembeni ya kulipuka, ongeza umbali.

KijiweniKesho:
Bodaboda ni shida kubwa Dar, leteni mpango wake hasa.

MkiaWima:
Haya. Tafuta bodaboda mmoja mwenye subira, mlipe nusu saa yake, na usimwache ambembeleze mbwa.

Pikipiki imezimwa, imesimama kwa stendi, hakuna mtu. Anzeni mita 15, mpite kwa duara, sio kwa kuielekea moja kwa moja. Mbwa mstaarabu hamwendei mgeni kwa mstari ulionyooka. Anaiangalia, nyama. Mara 10, mapumziko ya dakika 5 anuse majani, mara 10 tena, nyumbani. Siku nyingine dereva aketi juu yake. Siku nyingine injini iwake bila kupiga resi, na hapo murudi mita 30, maana umebadilisha kitu kimoja, basi kingine kirahisishwe. Kisha atembee polepole akiondoka. Kisha akipita ubavuni. Akija usoni ndiyo ngazi ya mwisho, na helmeti usoni ni ngazi yake peke yake. Kitu kinachotembea kinahitaji takribani mara mbili ya umbali wa kilichosimama.

Utajua ngazi imekomaa mbwa akiona pikipiki kisha akigeuza shingo mwenyewe kukuangalia, kama anasema "iko pale, nyama iko wapi?" Hilo likitokea mara 8 kati ya 10, sogea mita 2 au 3. Sio 10.

Pamoja na hilo, maneno mawili yafundishwe ndani kwanza. "Geuka!": unasema kwa sauti ya furaha, unageuka nyuzi 180, unatoka haraka, nyama mguuni kwako baada ya hatua nne. Rudia sebuleni na uani mpaka mwili wake uzunguke kabla hajafikiri. "Tafuta": unarusha vipande kumi kwenye majani, anainamisha pua. Kunusa kunamtuliza, na kichwa kikiwa chini haangalii barabara. Kosa kubwa ni kutumia "Geuka" siku ya hatari tu. Neno likisikika kwenye hatari peke yake, litakuwa king'ora.

Kamba iwe legelege, umbo la tabasamu. Ukiikaza mara tu unapoona bodaboda, umempa mbwa habari kabla hajaiona.

GhorofaYaTatu (Nairobi):
Huku kwenye fleti hakuna hiyo mita 30. Shida ni ngazi na korido: ukipinda kona, mtu huyu hapa. Kinachosaidia ni kufanya kila kona kuwa kituo. Kabla ya kupinda, simama, mbwa akae upande wa ukuta, wewe uwe katikati yake na njia, chungulia kwanza. Ukisikia viatu vinapanda, rudi ghorofa moja juu na umwagie "tafuta" kwenye kona. Ongea na keateka na soja wa geti wajue saa zako, na uombe watu wasimshike.

Mkeka nao ni muhimu kwa nyumba ndogo. Chukua gunia safi au mkeka mdogo, kila akiukanyaga nyama inadondoka juu yake, mpaka ajilaze. Baadaye gonga mlango mwenyewe kwa kidole kimoja, taratibu, nyama mkekani. Ongeza nguvu ya kugonga kidogo kidogo. Muuza gesi akija kweli, mkeka uwe chumba cha ndani na mlango ufungwe.

KambaMbili:
Watu wa nyumba zenye geti: shuka chini uangalie geti lako kwa kimo cha mbwa. Utakuta uwazi wa kiganja kimoja chini ya bati, na kupitia hapo mbwa anaona viatu tu, viatu vinavyokuja na kuondoka siku nzima. Hiyo ni shule ya kulipuka inayofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku. Ziba uwazi kwa ubao au kipande cha bati kilichokunjwa ukingo. Uzio wa seng'enge au wa vyuma, funga turubai au makuti mpaka juu ya kichwa chake. Utapata nafuu kabla hujafundisha chochote.

MlinziHalisi:
Lakini wakuu, mbwa akizoea watu namna hii nani atalinda nyumba? Wengi wetu tunafuga kwa ajili ya wezi.

MkiaWima:
Ndugu, mbwa aliyetulia bado atabweka mtu akiruka ukuta saa nane usiku. Hicho ndicho unachohitaji: taarifa. Mbwa anayelipukia kila kiatu anabweka mara mia kwa siku, na wewe na mlinzi mnaacha kusikia. Mwizi anapita ndani ya kelele hizo.

Na ule utaratibu wa kumfungia kibandani au kwenye mnyororo mchana kutwa na kumfungulia usiku ndio unaotengeneza tatizo. Anaona vitu, hawezi kuvikaribia wala kuvikimbia, hasira na hofu vinachemka pamoja. Kama lazima azuiliwe wageni wakiwapo, awe kwenye banda lisiloona geti, lenye kivuli, maji na mfupa mbichi mkubwa wa kutafuna. Mfupa uliopikwa usimpe, unavunjika vipande vyenye ncha.

BintiWaPwani:
Mimi naomba tusisahau majirani. Mitaa yetu ya pwani Waislamu ni wengi, na kwa madhehebu ya Shafii mate na unyevu wa mbwa ni najisi, panapoguswa paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu ametawadha, anakwenda kuswali, mbwa wako anamrukia kanzu: sio jambo dogo, itabidi arudi nyumbani. Kwa hiyo usipite njia ya msikiti karibu na adhana, hasa ya alfajiri ambapo wenye mbwa hawa hupenda kutoka. Subiri watu waingie kuswali, barabara inakuwa tupu, hapo ndipo nafuu yenu nyote. Ukikutana na mtu njiani, hama upande mapema, toa salamu, fupisha kamba bila kuikaza. Jirani akiona unamjali, siku mbwa akibweka hataita watu wa kumpiga sumu.

Watoto nao: wakitaka kumsaidia, wasimame mbali na watupe chakula nyuma ya mbwa, sio mbele. Anakwenda kula akiwaacha, anarudi akipenda. Hakuna kukimbia, hakuna fimbo.

SwaliMoja:
Na mbwa koko wanaozurura wakitufuata je?

KambaMbili:
Ukiinama kama unaokota jiwe, koko watatawanyika. Ila wako naye atajikunja, na kazi ya wiki mbili imeenda. Bora fanya hivi: mbwa wako nyuma yako, wewe umesimama wima, kiganja mbele kama askari wa barabarani, "Ondoka!" kwa sauti nzito moja. Wakiendelea kuja, rusha konzi nzima ya nyama usoni kwao, sio miguuni kwako, na uondoke kwa kutembea. Usikimbie. Mwamvuli unaofunguka kwa kitufe ni ngao nzuri, mradi wako ameshauzoea nyumbani. Wakishikana, usiingize mkono katikati ya midomo. Maji ya ndoo, au ubao kati yao.

DawaNaKwato:
Ikitokea mtu ameng'atwa, hata mkwaruzo: osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ushauri wa chanjo, usisubiri dalili, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki. Usipake majivu, dizeli wala kahawa. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa siku 10, apewe chakula na maji, na kadi ya chanjo iende na mgonjwa.

KijiweniKesho:
Wiki tatu mambo mazuri, halafu siku moja mbwa anarudi mwanzo kabisa. Kosa liko wapi?

MkiaWima:
Hesabu siku nzima, usihesabu tukio la mwisho. Asubuhi gari la taka, mchana fundi na grenda, jioni mgeni, usiku radi, halafu unamtoa na paka anapita. Paka hakufanya kitu, alikuta ndoo imeshajaa. Siku kama hiyo mbwa asitoke: afanye haja uani, apewe chakula chake kwenye boksi la karatasi alichane mwenyewe, na kesho yake pia apumzike.

Andika kwenye daftari kila mkitoka: saa, kitu, umbali kwa hatua zako, amekula au hakula. Mistari mifupi. Baada ya mwezi utaona kwamba saa 12 asubuhi na wanafunzi ndiyo mbaya, na saa 5 usiku hana tatizo. Basi toka saa 5 usiku. Mchana wa joto achana nao: weka mgongo wa kiganja kwenye lami, ukishindwa kuhesabu mpaka saba, nyayo zake nazo zinaungua, na mbwa anayeungua miguu analipuka mapema.

Akirudi nyuma, anza kwa umbali mara mbili ya ule wa wiki iliyopita. Kama mlikuwa mita 12, nendeni 25, siku tatu, kisha shukeni mita 3 kwa zamu. Atashuka haraka kuliko mara ya kwanza, ila usimrushe ngazi kwa sababu tu unajua aliwahi kufika.